Southsea

Southsea ni mji wa mapumziko wa pwani ulioko kusini mwa Uingereza. Kiutawala ni sehemu ya jiji la Portsmouth katika kaunti ya Hampshire, lakini una historia yake, maduka yake na tabia yake. Wenyeji wengi huutaja kama mji unaojitegemea.

Southsea unajulikana kwa ngome iliyojengwa na Mfalme Henry VIII, kwa uwanja mpana wa nyasi unaotenganisha nyumba na bahari, kwa magati mawili ya burudani na kwa minara mingi ya ukumbusho wa mabaharia. Arthur Conan Doyle alikuwa daktari hapa alipomtunga mpelelezi Sherlock Holmes. Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, Southsea ni pia mahali alipoishi Jamshid bin Abdullah, sultani wa mwisho wa Zanzibar, kwa zaidi ya nusu karne.

Mahali na jina

Portsmouth haiko bara bali juu ya kisiwa tambarare kiitwacho Portsea, kilichotengwa na nchi kavu kwa mkondo mwembamba wa maji. Southsea iko kwenye ncha ya kusini ya kisiwa hicho, takriban kilomita 110 kusini-magharibi mwa London. Mbele yake kuna mlango-bahari wa Solent, na ng'ambo huonekana Kisiwa cha Wight.

Ufukwe wa Southsea si wa mchanga mweupe. Ni wa kokoto, na mchanga huonekana tu maji yanapokupwa. Ardhi nyuma ya ufukwe iko chini sana, na sehemu yake haifikii usawa wa bahari wakati wa maji makuu. Hali hiyo imeathiri historia yote ya mji.

Jina lilitokana na ngome. Kabla ya karne ya 16 hapakuwa na mji hapa, ila mashamba machache, malisho na kinamasi. Ngome ilipojengwa upande wa kusini, ukitazama bahari, ikaitwa ngome ya bahari ya kusini, yaani "South Sea". Baadaye nyumba zilizoota karibu nayo zilichukua jina hilohilo.

Ngome ya Southsea

Katika miaka ya 1530 Mfalme Henry VIII aliachana na Kanisa la Roma. Aliogopa kwamba Ufaransa na Dola Takatifu la Kiroma zingeungana kumvamia, hivyo akaamuru ngome zijengwe kandokando ya pwani ya kusini. Ngome ya Southsea ilikamilika mwaka 1544, na kazi yake ilikuwa kulinda njia ya maji marefu inayoelekea bandari ya Portsmouth. Meli kubwa yoyote iliyotaka kuingia bandarini ililazimika kupita karibu na ufukwe huu, mbele ya mizinga yake.

Umbo lake lilikuwa jipya katika Uingereza ya wakati ule. Ngome za zamani zilikuwa na kuta ndefu na minara ya duara. Southsea ilijengwa kwa kuta nene na fupi zenye pembe kali, ili mizinga ya upande mmoja iweze kulinda ukuta wa upande mwingine bila kuacha mahali pa adui kujificha. Mtindo huo ulitoka Italia.

Ngome ilishambuliwa na kutekwa mara moja tu, tena na Waingereza wenyewe. Mnamo Septemba 1642, mwanzoni mwa vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Mfalme Charles I na Bunge, askari wa Bunge waliiteka usiku. Siku chache baadaye mji wa Portsmouth nao ulisalimu amri.

Maafa makubwa zaidi ya ngome hayakutokana na vita. Mwaka 1759 baruti iliyohifadhiwa ndani ililipuka na kuua watu 17, wakiwemo wanawake na watoto, kwa maana familia za askari ziliishi humo. Ngome ilikarabatiwa upya mwanzoni mwa karne ya 19, ikatumika kwa muda kama gereza la kijeshi katika miaka ya 1840, kisha ikaongezewa mizinga mikubwa pande zake mbili. Mnara wa taa uliojengwa juu yake katika miaka ya 1820 uliongoza meli hadi mwaka 2017.

Jeshi liliiuza ngome kwa halmashauri ya jiji mwaka 1960, na mwaka 1967 ilifunguliwa kama makumbusho.

Kuzama kwa Mary Rose

Ngome ilikuwa haijatimiza mwaka mmoja ilipokuwa shahidi wa tukio mashuhuri. Mnamo Julai 1545 kundi kubwa la meli za Ufaransa liliingia Solent. Henry VIII mwenyewe alikuwa pwani ya Southsea, na mchoro wa zamani wa mapigano hayo unamwonyesha akiwa juu ya farasi karibu na ngome.

Tarehe 19 Julai manowari yake iitwayo *Mary Rose* ililala upande ilipokuwa ikigeuka. Maji yakaingia kupitia matundu ya mizinga yaliyoachwa wazi, ikazama upesi mbele ya macho ya watu waliokuwa ufukweni. Sababu kamili bado inajadiliwa: wengine hutaja upepo wa ghafla, wengine uzito wa mizinga na watu, wengine makosa ya kuiendesha. Kati ya watu wapatao 500 waliokuwa ndani hawakuokoka hata 40. Wavu uliotandazwa juu ya sitaha kuzuia adui asipande ulikuwa umewanasa wengi wao chini yake.

Mabaki ya meli yalikaa chini ya matope ya Solent kwa zaidi ya miaka 400. Matope hayo yalihifadhi nusu ya meli pamoja na vitu vya mabaharia: pinde, viatu, vyombo vya kulia, vifaa vya daktari, hata mifupa ya mbwa. Wapiga mbizi waliyatambua mabaki mwaka 1971, na tarehe 11 Oktoba 1982 yaliinuliwa juu ya maji huku mamilioni ya watu wakitazama kwenye televisheni. Tangu mwaka 2013 yamewekwa katika jengo maalumu la makumbusho ndani ya bandari ya kihistoria ya Portsmouth, pamoja na sehemu ya vitu zaidi ya 19,000 vilivyopatikana.

Uwanja wa Southsea Common

Mgeni anayetoka miji mingine ya pwani ya Uingereza, kama Brighton au Blackpool, hushangazwa na jambo moja. Huko mahoteli na maduka yamejipanga kando kabisa ya bahari. Southsea nyumba zimekaa mbali, na kati yake na ufukwe kuna uwanja mkubwa wa nyasi usio na majengo. Uwanja huo ni Southsea Common.

Sababu yake ni ya kijeshi. Tangu karne ya 18 ardhi hiyo ilikuwa mali ya jeshi. Maofisa hawakutaka jengo lolote lisimame mbele ya mizinga ya ngome na ya kuta za Portsmouth, kwa kuwa lingemficha adui au kuzuia risasi. Uwanja ulitumika kwa mazoezi ya askari na kukusanya vikosi vilivyokuwa vikisubiri meli za kwenda ng'ambo.

Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa kinamasi. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 kilikaushwa na kusawazishwa, na wafungwa walikuwa miongoni mwa waliofanya kazi hiyo. Mwaka 1848 ilifunguliwa njia ya matembezi kando ya bahari, Clarence Esplanade, iliyojengwa pia kwa nguvu za wafungwa chini ya uongozi wa Lord Frederick FitzClarence, kamanda wa jeshi wa eneo hilo. Sehemu ya kinamasi iliyobaki iligeuzwa kuwa ziwa dogo la mashua, Canoe Lake, lililofunguliwa mwaka 1886. Mpaka leo watoto huendesha mashua ndogo humo.

Mwaka 1922 halmashauri iliununua uwanja wote kutoka jeshini kwa ajili ya wananchi. Hivyo katazo lililowekwa kwa ajili ya mizinga limewaachia watu wa Portsmouth, jiji lenye msongamano mkubwa, nafasi yao kubwa kuliko zote ya kupumua.

Kukua kwa mji

Hadi mwisho wa karne ya 18 wakazi wengi wa Portsmouth waliishi ndani ya kuta za mji wa kale au karibu na karakana za meli za kifalme. Vita dhidi ya Napoleon viliongeza kazi karakanani, na watu wakabanana. Kuanzia mwaka 1809 hivi mitaa mipya ilianza kujengwa nje ya kuta kwa ajili ya mafundi wa karakana. Ikafuata safu ya nyumba ndefu zilizoungana, zikitazama uwanja, ambazo zilipendwa na maofisa wa jeshi la majini na familia zao.

Sura ya Southsea ya leo inatokana kwa kiasi kikubwa na mtu mmoja, msanifu majengo Thomas Ellis Owen (1805–1862). Kati ya miaka ya 1830 na 1850 alijenga nyumba zaidi ya mia moja. Hakupanga mitaa iliyonyooka kama rula. Alitengeneza barabara zinazopinda, kuta za bustani na miti isiyopukutisha majani, ili mwenye nyumba ajione yuko shambani ilhali yuko mjini. Alijenga pia kanisa la Mtakatifu Yuda, lililowekwa wakfu mwaka 1851. Owen alikuwa meya wa Portsmouth mara mbili.

Wakati huohuo Waingereza walikuwa wamebadilisha fikra zao kuhusu bahari. Zamani waliiogopa, na aliyeishi pwani alikuwa mvuvi au baharia. Katikati ya karne ya 18 madaktari, hasa Richard Russell wa Brighton, walianza kufundisha kwamba kuoga na hata kunywa maji ya bahari ni dawa. Mfalme George III alipokwenda Weymouth kuoga baharini mwaka 1789, matajiri wakamfuata. Southsea nayo ikapata nyumba za kuogea na vibanda vya magurudumu vilivyokokotwa na farasi hadi majini, ili muogaji abadilishe nguo bila kuonekana.

Reli ilifika Portsmouth mwaka 1847. Kuanzia hapo si matajiri tu walioweza kuja. Mfanyakazi wa London aliweza kuja asubuhi na kurudi jioni. Mwaka 1885 tawi fupi la reli lilifunguliwa hadi Southsea yenyewe, lakini lilishindwa kushindana na tramu na kufungwa mwaka 1914.

"Vita vya Southsea" vya 1874

Ujio wa watu wa kila tabaka ulizua swali: ufukwe ni wa nani? Kampuni iliyomiliki gati la Clarence iliweka kizuizi kilichofunga njia ya umma karibu na gati, ili wateja wake wa tabaka la juu wasichanganyike na watu wa kawaida. Wakazi walilalamika kwamba njia hiyo ilikuwa yao tangu zamani.

Mnamo Agosti 1874 umati ulikusanyika na kukivunja kizuizi. Kampuni ikakirudisha, umati ukakivunja tena. Ghasia ziliendelea kwa siku kadhaa, polisi wakipambana na watu waliorusha mawe, na zikaja kuitwa "Vita vya Southsea". Mwishowe njia ilibaki wazi.

Tukio hilo halina ngome wala mnara mkubwa. Hata hivyo, linaeleza kwa nini mtu anaweza leo kutembea kilomita kadhaa kando ya bahari bila kulipa na bila kuulizwa anakwenda wapi.

Magati mawili

Gati la burudani ni jengo la pekee la miji ya pwani ya Uingereza. Ni daraja lisilofika ng'ambo: watu hutembea juu yake ili wawe juu ya bahari bila kulowana, na mwishoni hukuta ukumbi wa muziki, michezo au mgahawa. Hapo zamani meli ndogo za abiria pia zilitia nanga kwenye magati hayo.

*Gati la Clarence* lilifunguliwa mwaka 1861. Liliharibiwa na mabomu ya Wajerumani mnamo Januari 1941, likajengwa upya na kufunguliwa tena mwaka 1961. Tofauti na mengine, halijitokezi sana baharini bali limetandaa kando ya ufukwe. Ndipo ulipo uwanja wa bembea na michezo.

*Gati la South Parade* lilifunguliwa mwaka 1879. Liliungua mwaka 1904, halmashauri ikalinunua na kulijenga upya mwaka 1908. Mwaka 1944 askari waliokuwa wakienda Normandy walipandia meli hapo. Mwaka 1974 liliungua tena wakati filamu ya *Tommy* ya mwongozaji Ken Russell ilipokuwa ikipigwa. Lilifungwa mwaka 2012 kwa sababu ya uchakavu, na baada ya matengenezo marefu lilifunguliwa tena mwaka 2017.

Karibu na gati la Clarence kuna kituo cha hovakrafti, chombo kinachoteleza juu ya maji kwa nguvu ya hewa inayosukumwa chini yake. Safari za kwenda Ryde, kwenye Kisiwa cha Wight, zilianza mwaka 1965 na huchukua takriban dakika kumi. Ni miongoni mwa huduma chache za namna hiyo zilizobaki duniani.

Minara ya ukumbusho

Portsmouth imekuwa kituo cha jeshi la majini kwa karne nyingi, na Southsea ndiyo ardhi ya mwisho ambayo mabaharia waliiona walipoondoka. Admirali Horatio Nelson aliondokea ufukwe huu tarehe 14 Septemba 1805, akienda kwenye mapigano ya Trafalgar alikofia.

Kando ya Clarence Esplanade kuna minara kadhaa ya karne ya 19 iliyowekwa na mabaharia kwa ajili ya wenzao. Si yote inayohusu mapigano. Mnara wa manowari *Trident* unawakumbuka waliokufa kwa homa ya manjano huko Sierra Leone mwaka 1859, na mnara wa *Aboukir* unawakumbuka waliouawa na homa hiyohiyo huko Jamaika mwaka 1873 na 1874. Inakumbusha kwamba katika enzi ya ukoloni mbu aliwaua mabaharia wengi wa Kizungu walioletwa kwenye nchi za joto.

Mkubwa kuliko yote ni *Mnara wa Ukumbusho wa Jeshi la Majini*, nguzo ndefu nyeupe inayoonekana kutoka mbali baharini. Ulibuniwa na Robert Lorimer baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia na kuzinduliwa mwaka 1924. Baada ya vita ya pili uliongezewa ukuta uliobuniwa na Edward Maufe na kuzinduliwa mwaka 1953. Una majina zaidi ya 24,000. Wote ni watu ambao miili yao haikupatikana, kwa kuwa kaburi lao ni bahari. Minara miwili inayofanana na huu iko Plymouth na Chatham.

Katika bustani ya waridi, ndani ya ngome ndogo ya zamani iitwayo Lumps Fort, kuna kumbukumbu ya makomando wa majini waliofanya mazoezi Southsea kwa mitumbwi midogo. Mnamo Desemba 1942 makomando kumi walipiga makasia usiku kuelekea bandari ya Bordeaux, Ufaransa, ili kulipua meli za Wajerumani. Waliorudi ni wawili tu.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia

Kwa sababu ya karakana za meli, Portsmouth ilishambuliwa kwa ndege mara 67 kati ya mwaka 1940 na 1944. Raia 930 waliuawa. Shambulio kubwa zaidi, la usiku wa tarehe 10 Januari 1941, liliteketeza sehemu kubwa ya mitaa ya maduka ya Southsea.

Mwaka 1944 pwani nzima ilifungwa kwa raia, kwa maana Portsmouth ilikuwa mojawapo ya bandari kuu za kuondokea kwenda kuikomboa Ufaransa. Meli zilijaa Solent, na tarehe 6 Juni majeshi ya Washirika yalitua Normandy.

Makumbusho ya tukio hilo yalifunguliwa karibu na ngome mwaka 1984 na kufanyiwa mabadiliko makubwa mwaka 2018. Ndani yake kuna kazi ya tarizi yenye urefu wa mita 83 na vipande 34, inayosimulia maandalizi na mapigano hayo. Nje imewekwa meli *LCT 7074*, iliyobeba vifaru hadi Normandy. Ndiyo ya mwisho ya aina yake iliyobaki kati ya zile zilizoshiriki siku hiyo. Tarehe 5 Juni 2019 Malkia Elizabeth II na viongozi wa mataifa mengi walikusanyika Southsea Common kuadhimisha miaka 75.

Waandishi na wasanii

Arthur Conan Doyle alifika Southsea mwaka 1882 akiwa daktari kijana asiye na fedha, akafungua zahanati katika barabara ya Elm Grove. Wagonjwa walikuwa wachache, na muda wa kusubiri aliutumia kuandika. Mwaka 1886 aliandika *A Study in Scarlet*, hadithi ya kwanza ya Sherlock Holmes, iliyochapishwa mwaka uliofuata. Alikuwa pia golikipa wa timu ya kandanda ya mji, akitumia jina la bandia. Aliondoka mwaka 1890. Nyumba yake iliharibiwa na mabomu wakati wa vita.

Rudyard Kipling, aliyezaliwa Uhindi, aliletwa hapa akiwa na miaka mitano, mwaka 1871, alelewe na familia ya kigeni pamoja na dada yake. Alikaa hadi 1877 na baadaye aliandika kwamba ilikuwa miaka ya mateso. H. G. Wells naye alikuwa mwanagenzi katika duka la vitambaa kati ya 1881 na 1883. Aliichukia kazi hiyo, lakini ilimpatia habari za riwaya yake *Kipps*. Mwigizaji Peter Sellers alizaliwa Southsea mwaka 1925.

Ukumbi wa *Kings Theatre* katika barabara ya Albert ulifunguliwa mwaka 1907. Ulibuniwa na Frank Matcham, msanifu mashuhuri wa kumbi za maigizo, na bado unatumika.

Uhusiano na Zanzibar

Jamshid bin Abdullah alirithi kiti cha usultani wa Zanzibar tarehe 1 Julai 1963. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba mwaka huo, na tarehe 12 Januari 1964 serikali yake ilipinduliwa. Sultani aliondoka kwa meli pamoja na jamaa zake. Hakuruhusiwa kushuka Mombasa, akafika Dar es Salaam na kutoka hapo akasafiri kwa ndege hadi Uingereza.

Baadaye alihamia Southsea, akaishi katika nyumba ya kawaida kama raia wa kawaida, bila cheo wala walinzi wa heshima. Kutoka kasri lililotazama bahari ya Unguja alihamia mji mwingine unaotazama bahari, lakini yenye kokoto, baridi na ukungu. Alikaa huko hadi mwaka 2020, aliporuhusiwa kuhamia Oman, nchi ya asili ya ukoo wake. Alifariki dunia Muscat tarehe 30 Desemba 2024 akiwa na umri wa miaka 95.

Ulinzi dhidi ya bahari

Katika karne ya 19 serikali ya Waziri Mkuu Palmerston iliogopa tena uvamizi wa Ufaransa, na baada ya ripoti ya tume ya mwaka 1860 ilijenga ngome nne za duara ndani ya Solent, zikisimama katikati ya maji. Zilikamilika kufikia mwaka 1880. Wafaransa hawakuja, nazo zikaitwa na wengi upuuzi wa Palmerston. Zingali zinaonekana kutoka ufukweni.

Adui wa sasa ni bahari yenyewe. Kuta za zamani za ufukwe zilikuwa zimechakaa na kupasuka, usawa wa bahari unapanda, na dhoruba za majira ya baridi hurusha kokoto hadi barabarani. Maji yakipita ukuta hayana pa kukimbilia, kwa sababu sehemu kubwa ya mji ni kinamasi cha zamani kilichokaushwa. Ndiyo maana maji ya mvua na ya taka yamekuwa yakisukumwa nje kwa mashine tangu karne ya 19. Jengo la injini za mvuke za Eastney, la mwaka 1887, limehifadhiwa kama urithi. Mnamo Septemba 2000 mvua kubwa ilizidi uwezo wa mitambo ya kisasa, na mitaa kadhaa ya Southsea ikafurika.

Mwaka 2020 ulianza ujenzi wa kinga mpya yenye urefu wa kilomita 4.5, kutoka Portsmouth ya Kale hadi Eastney. Mradi huo umekusudiwa kulinda nyumba zaidi ya 8,000. Kazi imehitaji uangalifu kwa kuwa karibu kila hatua kuna jengo au mnara unaolindwa na sheria ya urithi. Ukuta mrefu ungezuia maji vizuri, lakini ungeficha bahari iliyoupa mji jina lake na kukata mandhari ya ngome na ya mnara wa mabaharia. Kwa hiyo wahandisi wametumia njia tofauti mahali tofauti: mawe makubwa, ngazi pana zinazovunja nguvu ya mawimbi, na njia za matembezi zilizoinuliwa ili mpita njia aendelee kuona maji.

Southsea leo

Southsea Common hutumika mwaka mzima kwa michezo, matembezi na mikutano ya hadhara. Kila Agosti hufanyika tamasha la muziki la *Victorious*, na mwezi Oktoba maelfu ya wakimbiaji hushiriki mbio za *Great South Run* za takriban kilomita 16, zinazomalizikia kando ya bahari. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Portsmouth hupanga katika nyumba ambazo zamani zilikuwa za maofisa na za wageni wa kiangazi.

Ngome iliyojengwa kuwazuia Wafaransa sasa hupokea watalii, Wafaransa wakiwamo. Uwanja uliowekwa wazi kwa ajili ya mizinga huchezewa mpira na watoto, na njia iliyopiganiwa mwaka 1874 bado iko wazi kwa yeyote anayetaka kutembea kando ya Solent.